Stesheni ya Kigoma na Mlango Wake wa Ziwani

Katika pwani yetu, tangu Mboko hata Baraka, vijana wa shule hupenda mno kusimuliana habari za mji wa Kigoma ulio ng'ambo ya ziwa. Na katika hizo habari, isiyokosa kamwe ni ile ya stesheni ya reli, ya kwamba chini yake mna njia ya siri iliyochimbwa na Wadachi, gizani kabisa. Wapo hata wathubutuo kusema kwamba njia hiyo yapita chini ya maji na kutokea huku kwetu. Juma hili twapenda kuichunguza habari hiyo. Twaona ni haki watu wa Mboko waijue vema stesheni ya Kigoma, maana bei ya chumvi, saruji na mabati wanunuavyo hutegemea sana jengo lile, ijapokuwa wengi wao hawajapata kuliona.

Kwanza tuseme neno juu ya stesheni za chini ya ardhi, maana kweli zipo duniani. Ya kwanza ilifunguliwa London mwezi wa Januari 1863, nayo njia yake ilitoka Paddington hata Farringdon. Waingereza hawakutoboa ardhi kama fuko. Walipasua barabara juu, wakachimba mtaro mpana, wakajenga kuta za matofali kando zote mbili, wakaweka paa la matao, kisha wakarudisha udongo na barabara juu yake. Treni za siku zile zilivutwa kwa moshi, hata abiria walikohoa njia nzima. Hapo 1890 ndipo ulipoanza kutumika umeme katika njia mpya iliyochimbwa chini zaidi. Katika Afrika yetu, mji wa Cairo ndio uliotangulia, mwaka wa 1987. Chini ya uwanja wake mkuu, Tahrir, mna stesheni ya Sadat, ambamo njia mbili hukutana, nao watu hushuka kwa ngazi na kutokea tena juani upande wautakao.

Huku Afrika ya Mashariki treni hupenya milimani mahali pachache. Katika reli mpya ya Tanzania yako mahandaki manne karibu na Kilosa, ambayo urefu wake wote hupata kilomita 2.6. Lakini hayo ni mapito tu, si stesheni, kwa maana hapana abiria apandiaye wala ashukiaye mle ndani.

Basi Kigoma je? Wenyeji husimulia ya kwamba nyumba kubwa ya Wadachi iliyo juu ya kilima, iitwayo Nyumba ya Kaisari, iliunganishwa na stesheni kwa handaki, ili wakubwa wapate kukimbia siku ya hatari. Husema pia kwamba nyumba hiyo ilijengwa ili kumpokea Kaisari Wilhelm II aje kuwinda. Kaisari huyo hakufika kamwe. Wadachi walikuwa mafundi wa mawe, na kupitisha mtu mmoja mmoja chini ya ardhi kusingewashinda. Ila kupitisha treni ni jambo jingine kabisa, na kulipita ziwa chini ndiko kusikowezekana hata kidogo. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali penye kina kuliko pote, na katika maziwa yote ya dunia ni Baikal la Urusi tu lililizidi. Hakuna handaki wala tundu la reli litokealo Mboko. Kijana apendaye ajabu aiache hiyo ya chini, atazame iliyo juu.

Ajabu ya kwanza ni mahali penyewe palipochaguliwa. Mji mashuhuri wa upande ule zamani haukuwa Kigoma, bali Ujiji. Ujiji ndio uliokuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo, na ndiko Stanley alikomkuta Livingstone mwaka wa 1871. Mtu angedhani reli ingeifuata njia ya wapagazi hata mwisho wake. Lakini pwani ya Ujiji ni ya mchanga, haina kina, tena imeachwa wazi kwa pepo na mawimbi. Zaidi ya hayo, tangu mto Lukuga ulipojifungulia njia upande wa Kongo mnamo 1878, maji ya ziwa yalishuka mita nyingi, pwani ikazidi kuwa mbali na nyumba. Kilomita chache tu kaskazini yake ipo ghuba ya Kigoma, yenye kina kizuri, iliyokingwa na rasi ya Bangwe kama kitu kilichofumbatwa na mkono. Meli kubwa yaweza kusogea karibu kabisa na nchi kavu. Wadachi walipopima waliona hivyo, wakaipita Ujiji. Tangu hapo biashara ya mji ule mkongwe ilihama kidogo kidogo, ikaifuata reli.

Reli yenyewe ilianzwa Dar es Salaam mwaka wa 1905. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma mwezi wa Februari 1914. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 1,250. Waliosimamia kazi ni kampuni ya Philipp Holzmann ya Frankfurt, lakini walioibeba ni Waafrika kwa maelfu, Wanyamwezi wakiwa wengi miongoni mwao, wale wale ambao baba zao walichukua pembe na mizigo kwa miguu katika njia hiyo hiyo. Walipanga mataruma ya chuma, wakapanga reli juu yake, wakavuka madimbwi ya mto Malagarasi, wakapita Uvinza penye chumvi, ambayo babu zetu wa ng'ambo hii waliijua kabla Mdachi hajazaliwa. Mwezi wa Agosti 1914 Dar es Salaam ilijitayarisha kufanya maonyesho makubwa na kuishangilia reli iliyokamilika. Wageni walipokuwa wakingojewa, vita kuu ikaanza Ulaya. Hivyo stesheni ya Kigoma ilionja amani kwa miezi sita tu.

Sasa tuingie ndani yake. Nasi tuliofundishwa kwa Kifaransa huiita "gare", lakini tukivuka tuombe stesheni, ili tusielekezwe penye magari.

Barabara kuu ya mji wa Kigoma huteremka kutoka juu, ikaishia mbele ya stesheni. Atokaye Mwanga kwa miguu huliona jengo zima kabla hajalifikia: nyumba ya orofa, kuta nene, na matao mapana mbele yake. Matao hayo si urembo tu. Katika nchi ya jua kali na mvua nzito, watu hungoja treni saa nyingi pamoja na watoto na mizigo. Chini ya tao mna kivuli, na upepo hupita. Mafundi wa leo wajengao kwa vioo na bati wangefanya vema kuketi pale saa ya adhuhuri na kujifunza.

Ukilivuka jengo wafika upande wa pili, penye jukwaa na reli. Hapo ndipo mpango wake ubainikapo. Mji uko mgongoni pako, na mbele yako, ng'ambo ya reli, iko bandari, kisha maji, na siku ya anga safi, baada ya mvua, milima ya Kongo. Stesheni nyingi huwa katikati ya mji, na reli huziingia upande mmoja na kutokea upande mwingine. Kigoma ni kikomo. Treni ifikapo haina pa kuendelea, hata kichwa chake hakina budi kufunguliwa, kuzungushwa kwa njia ya kando na kufungwa tena upande ule mwingine ili kuyavuta mabehewa kurudi. Hata hivyo njia za mizigo haziishii jukwaani. Reli huendelea polepole hata bandarini, na juu ya gati lenyewe, behewa lisimame ubavuni pa meli na winchi iinue mzigo kutoka huku na kuutua kule.

Kwa hiyo twasema ya kwamba stesheni ya Kigoma ina milango miwili. Ule wa matao ni wa mji. Ule wa gati ni wa ziwa, na kwa mlango huo jengo lote hupata maana yake. Hakuna serikali ambayo ingelipa kilomita 1,250 za reli kwa ajili ya samaki na mawese ya ghuba moja. Wadachi walikuwa wakiitazama Kongo. Walitaka mali ya Kongo ya mashariki ivuke ziwa na kushuka Dar es Salaam.

Na upande wa Kongo nao hawakulala. Kampuni ya Wabelgiji iliyoanzishwa 1902 ilikuwa ikijenga reli zake kando ya mto Lualaba, na kutoka Kabalo ikaleta njia ya kilomita 273 hata Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Ilifika ziwani mwezi wa Machi 1915. Wasomaji walio shuleni watazame ramani. Kalemie iko kusini kidogo kuliko Kigoma, na maji ya katikati ni safari ya usiku mmoja wa meli. Tena, jambo ambalo wengi hawalijui, reli hizo mbili zilikuwa na upana mmoja, mita moja kamili kati ya chuma na chuma. Behewa la Kigoma lingeweza kutembea juu ya reli ya Kalemie kana kwamba liko kwao. Ziwa lilikuwa kama daraja lisilojengwa bado.

Vita ikageuza daraja hilo kuwa ukuta. Wadachi walikuwa wameagiza meli kubwa kutoka Papenburg, ikaundwa huko 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000 na kuletwa kwa bahari na kwa reli. Huko Kigoma iliundwa upya, ikashushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wabelgiji walileta ndege za kutua majini, na mwezi wa Juni 1916 wakaitupia mabomu bandari ya Kigoma. Katika Julai Wadachi, wakijua hawataweza kukaa, waliipaka grisi mitambo ya meli yao na kuizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi, kisha wakaondoka kwa reli. Wabelgiji wakaingia Kigoma. Waingereza waliiopoa meli ile mwaka wa 1924, nayo ikaanza kazi tena 1927 ikiitwa Liemba. Grisi ilikuwa imeihifadhi mitambo miaka yote minane, na katika kisa hiki chote hilo ndilo litupendezalo zaidi.

Wabelgiji walikaa Kigoma hata 1921. Walipoikabidhi kwa Waingereza hawakuondoka mikono mitupu. Kwa mkataba wa tarehe 15 Machi 1921 walipewa kipande cha bandari Kigoma na kingine Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga 1 kwa mwaka, milele. Watu waliviita Belbase. Mizigo ya Kongo ilipita humo bila kutozwa ushuru wa Tanganyika, ikatoka Kalemie au Uvira, ikapanda behewa Kigoma, ikashuka melini Dar es Salaam. Hivyo kwa miaka mingi sehemu ya bandari ile iliendeshwa na watu wa ng'ambo hii. Tanganyika ilipokaribia uhuru, mwishoni mwa 1961, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba mikataba ya namna hiyo haingeifunga nchi yake. Twamwelewa. Neno "milele" ni zito mno kuwekwa katika hati ya kupangisha gati kwa faranga moja.

Ila jambo lililoidhuru zaidi njia hii halikutokea katika mikataba. Mnamo 1955 na 1956 Wabelgiji waliiunganisha reli ya Kabalo na ile ya Katanga, ambayo upana wake ni milimita 1,067, na kwa sababu hiyo wakaibadili reli ya Kalemie ilingane nayo. Milimita 67! Haifikii upana wa kiganja. Lakini tangu siku ile pwani mbili za ziwa hazisemi tena lugha moja ya chuma. Kongo ya mashariki iligeuzwa uso kuelekea kusini, na Kigoma ikabaki ikitazama maji.

Watu wetu waliijua stesheni hiyo kwa namna nyingine pia, isiyo ya biashara. Vita ya 1996 ilipofika Fizi, wengi walivuka kwa mitumbwi na maboti usiku. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka huo huo. Kwa familia nyingi za Mboko, Kigoma si jina la ramani. Ni mahali mama alipohesabu watoto akaona wametimia, au akaona hawakutimia. Mwaka wa 1997 meli ile ile Liemba iliwarudisha watu zaidi ya 75,000, kwa safari 22 kati ya Kigoma na Uvira. Na mwaka wa 2015 ikawachukua Warundi waliojazana pwani ya Kagunga, watu 600 kwa safari moja, ikawaleta Kigoma. Wengine wa taifa hilo walielekea upande wetu, wakapokewa Lusenda, mwendo mfupi tu kutoka Mboko.

Leo mambo yaanza kugeuka, na hapa twaomba wasomaji wawe macho. Tanzania yajenga reli mpya yenye upana wa milimita 1,435, ivutwayo kwa umeme. Treni zake zilianza kwenda Morogoro mwezi wa Juni 2024, na Dodoma mwezi uliofuata. Mkataba wa kipande cha Tabora hata Kigoma, kilomita zipatazo 500, ulitiwa sahihi Desemba 2022. Hiyo ni habari njema kwetu. Lakini Januari 2025 ulitiwa sahihi mkataba mwingine, wa njia itakayochepuka Uvinza na kwenda Musongati katika Burundi. Nia iliyotangazwa ni kuiendeleza hata Uvira, na kutoka huko mpaka Kindu.

Tuifikirie Uvinza. Ni stesheni ndogo, yenye chumvi na vumbi, lakini hapo ndipo patakapokuwa njia panda ya mambo yetu. Mzigo ukifuata mkono wa kushoto utafika Kigoma, na kutoka gatini utavuka ziwa kuja Baraka, Mboko au Kalemie. Ukifuata mkono wa kulia utapita Burundi na kushuka Uvira kwa nchi kavu, bila kugusa maji. Wafanyabiashara wa Uvira watafurahi, na haki yao. Kwa mtu wa Mboko hesabu ni nyingine, maana kati yake na Uvira iko barabara ambayo mvua moja huifunga, na vizuizi ambavyo kila kimoja hudai chake. Ziwa halina matope, wala hakuna awezaye kulikata kwa kamba. Sisi twaonelea kwamba njia ya Burundi ni nzuri, tena yastahili kujengwa, ila isiwe sababu ya kuusahau mlango wa ziwani. Na mlango huo hautafaa kitu ikiwa Kigoma pana winchi, na huku kwetu pana mchanga mtupu.

Tuhesabu mfuko mmoja wa saruji. Hupakiwa behewani Dar es Salaam. Njia ni moja tu, hata treni zikikutana hapana budi moja ingoje stesheni mpaka nyingine ipite, kwa hiyo mfuko huo hulala njiani. Kigoma hushushwa, huwekwa ghalani, hubebwa tena hata chomboni. Mawimbi ya ziwa huulowesha pembeni. Ufikapo Mboko boti haina pa kufunga kamba. Husimama mbali kidogo, na vijana huingia majini hata kifuani, mfuko kichwani, wakipiga hatua kwa kupapasa mawe kwa nyayo. Anguko moja, saruji yageuka jiwe kabla ya kufika kwa mwenyewe. Asiyeanguka hulipwa, na malipo yake huongezwa katika bei dukani.

Gati fupi la mawe, hata la mita thelathini, lililofika penye kina, lingeondoa sehemu hiyo ya mwisho. Mawe tunayo, na vijana wa kuyabeba tunao. Maji ya ziwa yalipanda sana mwaka wa 2021, na tena 2024, yakazivamia nyumba za Uvira na Kalemie, basi atakayelijenga apime kwa alama za miaka hiyo miwili, asipime kwa maji ya kiangazi. Na kabla ya kupima avuke Kigoma kwanza, apite chini ya matao, alipite jukwaa na reli, aombe ruhusa ya kuingia bandarini, akatazame jinsi gati lile lilivyojengwa, na jinsi behewa lisimamavyo ubavuni pa meli.